Muda wa mstaafu nao una gharama: barua ya wazi kwa wanaosimamia akiba zetu za uzeeni

Waheshimiwa wajumbe wa bodi za wadhamini, watendaji wakuu wa mifuko ya pensheni, waajiri, na ninyi mliopewa mamlaka ya kuidhibiti mifuko hii,

Salamu kwenu, na poleni na kazi.

Nawaandikia kama mfanyakazi ninayekaribia kustaafu, na kama mwakilishi wa wafanyakazi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwasaidia wenzake kujaza fomu za mafao na kuzifuatilia. Ombi langu ni moja: gharama ya kuchelewa kwa mafao iondoke mabegani mwa mstaafu, imwangukie aliyechelewesha. Mengine yote nitakayosema humu yanatoka hapo.

Makato hayachelewi. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuambiwa kwamba mwezi huu hatukukukata kwa kuwa mfumo uko chini, au kwa kuwa mhasibu yuko likizo. Mchango unatoka kabla mshahara haujamfikia mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, miaka thelathini na zaidi. Siku anapostaafu ndipo anapoanza kusikia maneno ambayo hakuwahi kuyasikia: faili lako linashughulikiwa, faili bado liko masjala, majina hayasomani, kuna miezi haionekani, njoo wiki ijayo. Wakati huohuo mshahara wake umeshakatika. Kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza pana pengo, na ndani ya pengo hilo kodi ya nyumba inadaiwa na dawa zinahitajika kila siku. Kijana akicheleweshewa malipo anaweza kutafuta kibarua au kuhamia kwa mwajiri mwingine. Mtu aliyefikia umri wa kustaafu milango hiyo imeshafungwa nyuma yake, tena imefungwa na sheria ileile iliyomwahidi pensheni.

Nimeona mafaili yakikwama kwa sababu nyingi, ila zinazojirudia ni chache.

Kuna suala la jina. Mtu aliajiriwa akiwa Mariamu, karani wa siku hizo akaandika Mariam, kitambulisho kilipokuja kikasema Miriam, na alipoolewa jina la mwisho likabadilika. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, maana michango ilikuwa inaingia. Anapoomba mafao ndipo majina yale yanapogeuka kuwa watu tofauti, na yeye anatakiwa kuthibitisha kwamba wote ni yeye.

Kuna tarehe ya kuzaliwa. Nilimsindikiza mwenzangu mmoja ambaye mwaka wake wa kuzaliwa ulikosewa tarakimu moja wakati kumbukumbu za karatasi zilipohamishiwa kwenye kompyuta. Kosa lilifanyika ofisini. Fomu ya asili yenye mwaka sahihi ilikuwa katika kabati la ofisi hiyohiyo. Hata hivyo aliyeambiwa alete ushahidi ni yeye: hati ya kiapo, cheti cha shule ambayo ilishafungwa, barua ya mwajiri wake wa kwanza. Yule mama hakugombana na mtu. Alikuwa akirudi dirishani kwa adabu, na kila aliporudi karatasi nyingine ilikuwa imeongezeka kwenye orodha. Alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu maisha yake yote, na sasa alikuwa anahojiwa kama mtu anayejaribu kuiba. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Kisha kuna jambo zito kuliko yote, nalo ni michango iliyokatwa isifikishwe kwenye mfuko. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kawaida hesabu yake hufanywa nusu tu. Mwajiri akigundulika kwamba mwaka fulani alikata na hakuwasilisha, mara nyingi mazungumzo huishia kwenye kiasi kilekile cha wakati ule: alipe alichokata, yaishe. Lakini akiba ya uzeeni hukua. Mchango ambao ungewekezwa miaka 20 iliyopita na kupata faida ya asilimia 6 kwa mwaka, leo ungekuwa zaidi ya mara tatu. Mwajiri akirudisha kiasi cha awali pekee, mfanyakazi amepata pungufu ya theluthi moja ya haki yake, na zaidi ya theluthi mbili zimeyeyuka bila mtu yeyote kuitwa mwizi. Mwezi usioonekana kwenye taarifa ya michango ni sehemu ya uzee wa mtu iliyokatwa mapema, na kadiri unavyokuwa wa zamani ndivyo thamani yake inavyozidi kuwa kubwa. Inashangaza kwamba miezi hiyo ya zamani ndiyo ambayo ofisi huipa uzito mdogo, eti imepita.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya nchi maskini au ya mifuko midogo. Sivyo. Mwaka 2007 wananchi wa Japani waliambiwa kwamba kumbukumbu za pensheni zipatazo milioni 50 hazijaunganishwa na mwenyewe yeyote. Mwaka 1997 nchi hiyo ilianza kumpa kila mtu namba moja ya pensheni, ilhali kabla ya hapo mtu alikuwa na namba tofauti kila alipobadilisha kazi au skimu. Waliohama kazi, waliobadilisha majina kwa ndoa, na wale ambao majina yao yalisomwa vibaya wakati wa kuingizwa kwenye kompyuta, wakaachwa nyuma. Nchi yenye uwezo mkubwa wa kiteknolojia, na bado sababu ni zilezile ninazokutana nazo mimi: jina, kuhama kazi, karatasi iliyonakiliwa vibaya. Wakala uliosimamia mfumo ule ulivunjwa, na chombo kipya kikaanza kazi Januari 2010.

Ninachotaka mkitazame zaidi ni walichofanya baadaye. Walianza kumtumia kila mwanachama taarifa ya kumbukumbu zake kila mwaka, katika mwezi wake wa kuzaliwa. Afikapo umri wa miaka 35, 45 na 59 hutumiwa historia nzima ya michango, kazi moja baada ya nyingine, ili aikague na kusahihisha wakati bado ana nguvu na bado ana mshahara. Ofisi ndiyo inayoanza. Haimngoji mwanachama aje dirishani akiwa ameshastaafu.

Uingereza nayo ilikuwa na yake. Mwaka 2021 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba wastaafu wanaokadiriwa kufikia 134,000 walikuwa wamelipwa pensheni ya serikali pungufu ya stahili yao, jumla ikizidi pauni bilioni 1, na makosa mengine yalianzia mwaka 1985. Wengi walikuwa wanawake, wakiwamo wajane. Wakaguzi walitaja kanuni ngumu, mifumo ya kompyuta iliyopitwa na wakati, na kazi nyingi iliyofanywa kwa mkono. Wapo waliokufa kabla ya kulipwa. Naitaja pensheni ya serikali ingawa barua hii inahusu akiba za kazini, kwa sababu ugonjwa ni uleule: kosa la ofisi lilikaa kimya miaka mingi kwa kuwa aliyeumia hakujua, na aliyejua hakudaiwa chochote.

Marekani kuna mfano mwingine ambao naupenda kwa sababu una pande mbili. Makaratasi ya kustaafu ya watumishi wa serikali kuu yamekuwa yakishughulikiwa kwa miongo mingi huko Boyers, jimbo la Pennsylvania, chini ya ardhi, ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa, mafaili yakipita mkono kwa mkono. Ni mwendo wa polepole uliolalamikiwa sana. Lakini humohumo kuna utaratibu wa malipo ya muda: wakati faili linakamilishwa, mstaafu hulipwa sehemu ya pensheni anayokadiriwa kustahili, na hesabu ikishakamilika hupewa kilichobaki. Ikiwa ofisi inayofanya kazi ndani ya mgodi inaweza kumlipa mtu sehemu ya haki yake huku ikiendelea kutafuta karatasi, naomba mnieleze kwa nini mifuko yenu haiwezi.

Sasa niseme juu ya gharama, kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii. Chukueni mtu mwenye mafao ya mkupuo yanayolingana na mshahara wa miezi 30. Mafao hayo yakicheleweshwa mwaka mmoja, bei za vitu zikipanda asilimia 8, na alipwe kiasi kilekile bila nyongeza, amepoteza thamani ya mshahara wa zaidi ya miezi miwili. Hakuna hati inayoonyesha kwamba amekatwa, lakini amekatwa. Kama katika mwaka huo alilazimika kukopa ili aishi, na mkopeshaji anatoza asilimia 5 kwa mwezi, deni ambalo halijapunguzwa linakaribia mara mbili kufikia mwisho wa mwaka. Kwa hiyo fedha zinapotoka, sehemu yake inapita moja kwa moja kwenda kwa mkopeshaji. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nao walisema hivyo kabla ya riba hizi za kila mwezi.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni ninyi. Fedha ambayo haijalipwa haikai bure. Iko kwenye dhamana, kwenye akaunti, kwenye hisa, inazaa. Nani anachukua kinachozaliwa katika miezi ya kusubiri? Na kwa skimu ambazo mafao yanategemea thamani ya uwekezaji, je, thamani inahesabiwa siku mwanachama alipowasilisha maombi, siku ofisa alipoyaidhinisha, au siku fedha ilipotoka? Soko likishuka katikati, nani anabeba hasara? Nimewauliza maofisa wa mafao maswali haya nikapata majibu tofauti katika ofisi moja. Jambo zito namna hii halipaswi kutegemea umemkuta nani dirishani.

Najua mtakachojibu. Mtasema uhakiki ni lazima, kwamba wapo watu wanaodai mafao yasiyo yao, kwamba mkilipa haraka mtalipa hewa, na fedha mnayoilinda ni ya wanachama wenyewe. Nakubaliana nanyi kuhusu uhakiki, kwa moyo wote. Nisingependa hata senti moja ya mwenzangu iende kwa tapeli. Ila uhakiki wa miaka 30 haupaswi kuanza siku ya mwisho ya miaka hiyo 30. Mnajua tarehe ya kustaafu ya kila mwanachama tangu siku anayojiunga. Hakuna dharura hapa. Na ninyi mnajua kama ninavyojua kwamba ucheleweshaji haumzuii tapeli, maana tapeli ana mtu wa kumsukumia faili. Anayekwama ni mnyofu. Foleni ikirefuka, vishoka wanajitokeza kando yake wakiahidi kuharakisha, na mstaafu aliyechoka anawapa sehemu ya jasho lake ili apate kilicho chake.

Basi naomba haya. Miaka mitano kabla ya mtu kustaafu, mfuko ulifungue faili lake wenyewe, ulipitishe mwezi kwa mwezi, na umwandikie: haya ndiyo tunayoyaona, hii ndiyo miezi inayokosekana, hivi ndivyo jina lako lilivyo katika kila kumbukumbu, sahihisha sasa. Miaka mitano kabla, mwajiri wa zamani bado anapatikana, mhasibu wa zamani bado anakumbuka, benki bado ina taarifa. Siku ya kustaafu mara nyingi wote hao wameshatoweka.

Pale mfanyakazi anapokuwa na hati ya mshahara inayoonyesha amekatwa, iwe imekwisha kwa upande wake. Mfuko umtambue kwamba alichanga, umlipe, kisha ninyi ndio mumfuate mwajiri kwa kiasi chote pamoja na faida iliyopotea. Mna wanasheria, mna wakaguzi, mna mamlaka ya kisheria. Mzee mwenye bahasha ya karatasi hana hata kimoja kati ya hivyo. Kumtuma yeye akamdai mwajiri ambaye ninyi mlishindwa kumdai kwa miaka kumi ni kumhamishia udhaifu wenu. Na mwajiri asiachwe afikie hapo kwanza: Uingereza, makato ya mfanyakazi lazima yafike kwenye skimu ifikapo tarehe 22 ya mwezi unaofuata yakitumwa kwa njia ya kielektroniki, la sivyo tarehe 19. Mwezi mmoja ukikosekana, mfanyakazi ajulishwe mwezi huohuo, kwa ujumbe wa simu. Hilo halihitaji mtambo wa ajabu.

Orodha ya nyaraka itolewe mara moja, kamili, kwa maandishi, na mwombaji apewe stakabadhi yenye tarehe. Karatasi inayodaiwa baadaye, ambayo haikuwamo kwenye orodha ya kwanza, isisimamishe malipo. Uwepo muda wa mwisho wa kutoa uamuzi. Kanuni za Marekani za mifuko ya waajiri binafsi, chini ya sheria ya mwaka 1974, humpa msimamizi siku 90 kuamua dai la kawaida la pensheni, na akihitaji muda zaidi analazimika kumweleza mdai sababu kwa maandishi kabla ya siku hizo kwisha. Muda huo ukipita bila malipo, riba ianze kuhesabiwa yenyewe, bila mstaafu kuiomba, na itoke kwenye bajeti ya uendeshaji wa ofisi au kwa mwajiri aliyesababisha. Isitoke kwenye michango ya wanachama wengine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu riba inayotoka kwenye mfuko wenyewe ni wanachama kulipana fidia kwa kosa la msimamizi.

Na mtu anayesubiri kwa sababu isiyo yake alipwe malipo ya muda kuanzia mwezi wa kwanza usio na mshahara.

Hakuna lolote humu lililo geni katika sheria za dunia. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1952, unampa kila mdai haki ya kukata rufaa akinyimwa mafao au akilalamikia ubora au kiasi chake, na unaiwajibisha nchi iliyouridhia kwa uendeshaji mzuri wa taasisi husika. Pendekezo namba 202 la mwaka 2012 linataka taratibu za malalamiko na rufaa ziwe zenye ufanisi na zinazofikika. Rufaa inayosikilizwa mbele ya ofisa yuleyule aliyechelewesha haifikiki, hata kama mlango wake uko wazi.

Niwakumbushe pia warithi. Mstaafu akifa akiwa bado anasubiri, mara nyingi faili hurudi mwanzo: cheti cha kifo, usimamizi wa mirathi, utambulisho wa mjane na watoto, na maswali yaleyale ya jina na miezi ambayo marehemu alikuwa ameshayajibu. Kilichokwisha kuhakikiwa akiwa hai kibaki kimehakikiwa. Mjane asianze kuthibitisha ajira ya mume aliyemzika wiki iliyopita.

Kwa makarani na maofisa wa madirishani, sina ugomvi nanyi. Wengi wenu mmewasaidia wenzangu kwa upole, na mnabeba lawama za mfumo ambao hamkuujenga.

Na kwa wenzangu mnaokaribia kustaafu, wakati tunasubiri wakubwa wajibu, msikae. Ombeni taarifa kamili ya michango sasa, muilinganishe na hati zenu za mshahara mwezi kwa mwezi, na miezi inayokosekana muidai kwa barua, nakala moja kwa mwajiri na nyingine kwa mfuko. Aliyewahi kufanya kazi kwa waajiri kadhaa ahakikishe namba zake zote za uanachama zimeunganishwa. Hakikisheni jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana katika kitambulisho, benki, kazini na kwenye mfuko, na kama vinatofautiana tengenezeni hati ya kiapo mapema. Angalieni jina la mrithi mliloandika zamani, huenda limepitwa na maisha yenu. Ahadi ya mdomo iandikwe siku hiyohiyo: nani alisema, cheo chake, tarehe. Na kama mnaweza, wekeni kando chochote cha kuvuka miezi ya mwanzo bila mshahara. Naandika sentensi hii kwa uchungu, maana namwambia mtu aliyeweka akiba miaka 30 aweke akiba nyingine ya kusubiria ile ya kwanza.

Waheshimiwa, nahitimisha kwa maombi mawili mnayoweza kuyatekeleza kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha, hata kabla sheria yoyote haijabadilishwa. Chapisheni kila robo mwaka ni wastaafu wangapi waliomba mafao, wangapi wamelipwa, na wastani wa siku walizosubiri, pamoja na siku za yule aliyesubiri kuliko wote. Wastani peke yake humficha huyo wa mwisho. Pili, chapisheni kwa majina orodha ya waajiri wanaodaiwa michango, pamoja na idadi ya miezi, ili mfanyakazi aijue hali yake angali kazini. Majibu yenu tunayaomba kwa maandishi, yabandikwe mahali pa kazi ambapo kila mwanachama anaweza kuyasoma.

Wenu katika kazi,

Mwakilishi wa wafanyakazi na mwanachama mchangiaji